Zabuni za majeshi: siri ni ya silaha, si ya maharage

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi wenye biashara ndogo ndogo hulinong'ona tu, lakini hawalisemi hadharani. Jambo lenyewe ni zabuni za majeshi yetu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua na kuuza maharage na mahindi hapa Makambako, na kila nikutanapo na wafanyabiashara wenzangu husikia wimbo ule ule: kwamba kuuza kitu jeshini ni siri ya serikali, kwamba mlango wake unajulikana na wachache, na kwamba mtu asiye na ndugu mwenye cheo asijisumbue.

Nimelichunguza jambo hili kwa kusoma sheria na kuuliza wanaohusika, na nimeridhika kwamba usemi huo si wa kweli. Ni usemi unaotunzwa na watu wanaonufaika nao. Ningependa wasomaji wenzangu wajue mlango uko wapi na namna ya kuupita, na ningependa pia wahusika serikalini waone kwa nini mlango huo unapaswa kuwa wazi zaidi ya ulivyo sasa.

Kwanza, tuitazame sheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 ililieleza jambo hili bila kuzunguka. Ilisema kwamba vyombo vya ulinzi na usalama vitaifuata sheria hiyo, na kwamba vitaendesha ununuzi wao kwa orodha mbili. Orodha ya kwanza ni ya vitu vinavyonunuliwa kwa uwazi kama inavyonunua wizara nyingine yoyote. Orodha ya pili ni ya vitu vilivyowekewa mipaka. Tena sheria hiyo ilitaka vyombo hivyo vikubaliane kila mwaka na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, yaani PPRA, juu ya aina ya vitu vitakavyoingia katika orodha hiyo ya pili. Uganda ilikuwa imekwisha kuweka utaratibu wa namna hiyo katika sheria yake ya mwaka 2003, na Kenya nayo inao katika sheria yake ya mwaka 2015. Sheria yetu ya 2011 imepisha sheria mpya, Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, lakini busara iliyozaa orodha mbili haijachakaa hata kidogo.

Busara yenyewe ni nyepesi kueleweka. Kambi ya jeshi ni kama mji. Ndani yake kuna bunduki, mitambo ya mawasiliano na ramani, na hivyo adui hapaswi kuvijua. Lakini ndani yake pia kuna jiko, zahanati, ofisi yenye karatasi na wino, paa linalovuja, choo kinachotaka bomba jipya, lori linalotaka matairi, na kuruta anayetaka godoro na sabuni. Adui hapati ushindi wowote kwa kujua kwamba askari wetu wanakula ugali na maharage. Hilo analijua tayari, kwa kuwa ndicho chakula chetu sote.

Wazee watakumbuka Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia ardhi yetu, wananchi walitoa ng'ombe, nafaka na magari ili vijana wetu wasikose chakula wala usafiri. Silaha na mipango ya vita ilikuwa siri kubwa, na ilistahili kuwa siri. Lakini chakula kilitoka kwa mkulima kwa uwazi, na jeshi letu lilishinda. Ikiwa wakati wa vita mkulima alijulikana kuwa ni mlishaji wa jeshi, itakuwaje wakati wa amani aambiwe kwamba mambo hayo hayamhusu?

Najua iko hoja moja nzito ya upande wa pili, na haifai kuipuuza. Mtu anaweza kusema hivi: ukitangaza kwamba kambi fulani inataka tani kadhaa za maharage kwa mwaka, mwenye akili atapiga hesabu na kujua kambi ile ina askari wangapi. Hoja hii ni ya kweli. Lakini dawa yake si kuifunga zabuni. Dawa yake ni namna ya kuiandika. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, ambao wengi tunaufahamu kwa jina la GPSA, huingia mikataba maalumu na wasambazaji kwa bidhaa zinazotumiwa na taasisi nyingi. Katika mikataba ya namna hiyo wasambazaji hushindania bei na ubora, kisha taasisi huagiza kiasi inachotaka na wakati inaotaka. Jeshi likitumia njia hiyo, na mizigo ikapokelewa katika ghala moja kubwa badala ya kupelekwa kambi kwa kambi, hakuna atakayejua nani amekula nini na wapi. Siri inalindwa na ushindani unabaki.

Nchi kubwa zimekwisha kulitambua hilo. Marekani, ambayo hakuna anayeweza kuituhumu kwamba haijali siri za jeshi lake, huwataka wauzaji wajiandikishe katika tovuti moja ya serikali iitwayo SAM.gov, na humo hutangazwa kazi za wizara ya ulinzi pamoja na za wizara nyingine. Kwa miaka mingi wizara hiyo imekuwa ikitangaza kila siku ya kazi majina ya makampuni yaliyopewa mikataba inayofikia dola milioni 7.5 au zaidi, na kiasi cha fedha kikitajwa. Sheria yao imeweka pia lengo kwamba asilimia 23 ya fedha za mikataba mikuu ya serikali ziende kwa biashara ndogo. Uingereza nayo ina tovuti yake ya zabuni za ulinzi, na sheria yake mpya ya ununuzi, iliyoanza kutumika Februari 2025, imejumuisha mikataba ya ulinzi humo humo. Sisemi kwamba nchi hizo ni malaika. Nasema tu kwamba mataifa yenye manowari za nyuklia hayaoni hatari kutangaza zabuni ya mkate.

Kwa upande mwingine, tumekwisha kuonja uchungu wa mambo yanayofanyika gizani. Wasomaji wanaikumbuka rada ya kuongozea ndege tuliyouziwa na kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa paundi milioni 28. Ilisemwa kwamba rada ile ilikuwa ya matumizi ya kiraia na ya kijeshi pamoja, na katika bei yake, iliyokaribia dola milioni 40, zaidi ya dola milioni 12 zilikwenda kwa dalali. Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri katika mahakama moja ya London kwamba haikuweka sawasawa hesabu za malipo hayo. Ilitozwa faini ya paundi 500,000 na ikakubali kutoa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania, fedha ambazo zilielekezwa katika vitabu na madawati ya shule za msingi. Majirani zetu wa Kenya nao waliumizwa na kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, ambayo ilihusu mikataba ya vyombo vya usalama. Katika mambo yote mawili neno "usalama" lilitumiwa kama blanketi, na chini ya blanketi hilo walijificha watu wasiohusika na usalama hata kidogo.

Blanketi hilo hilo, Ndugu Mhariri, hutumiwa hata huku chini kwetu. Miaka michache iliyopita alinijia bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa ana njia ya kuuza maharage katika chombo kimoja cha ulinzi. Aliniambia zabuni hizo hazitangazwi, na kwamba mimi nimpe mzigo kwa bei yake, yeye atajua la kufanya. Nilikataa. Baadaye nilikuja kujua kwamba zabuni aliyoizungumzia ilikuwa imetangazwa wazi kabisa, na kila mwenye sifa aliruhusiwa kuiomba. Siri pekee iliyokuwapo ilikuwa mdomoni mwa bwana yule.

Tupige hesabu ya mfano tu. Mkulima anauza kilo ya maharage kwa shilingi 2,000. Msambazaji wa wilayani anayapembua, anayafunga, anayasafirisha, na anaweza kuyafikisha ghalani kwa shilingi 2,600 na akabaki na faida halali. Dalali akiingia katikati, jeshi litanunua kwa shilingi 3,200. Ile shilingi 600 ya juu haikuongeza hata punje moja ya maharage katika sahani ya askari. Kwa tani 100 ni shilingi milioni 60. Fedha hizo ni kodi ya wananchi, akiwamo mkulima yule yule aliyeuza kwa 2,000. Huo ni ulanguzi, hata kama umevaa tai.

Sasa nieleze mlango uko wapi, kwa maana kulaumu bila kuelekeza si msaada.

Hatua ya kwanza ni kuihalalisha biashara yako. Jina la biashara au kampuni liandikishwe BRELA, upate namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni kutoka halmashauri yako, na kodi yako iwe imelipwa. Ukiwa na deni la kodi, usitazamie kwamba serikali itakupa kazi.

Hatua ya pili ni kujiandikisha katika mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uitwao NeST, ambao mwaka 2023 ulichukua nafasi ya mfumo wa awali uitwao TANePS. Siku hizi zabuni za wazi za serikali hupitia humo, wala si katika bahasha ya kaki inayotumbukizwa sandukuni. Wakati wa kujiandikisha utatakiwa kuchagua aina za biashara unazofanya. Chagua kwa uangalifu, kwa sababu zabuni utakazoruhusiwa kuomba zinategemea ulichochagua. Asiye na kompyuta amtafute kijana anayeijua kazi hiyo, lakini asimwachie neno lake la siri, kwa maana hiyo ndiyo sahihi yake.

Hatua ya tatu ni kusoma mipango kabla ya matangazo. Mwaka wa serikali unaanza Julai mosi, na taasisi za umma hutakiwa kutoa mpango wa ununuzi wa mwaka. Anayesubiri tangazo la zabuni ndipo aanze kutafuta mzigo amekwisha chelewa. Anayeusoma mpango mapema anajua ni robo ipi ya mwaka chakula kitanunuliwa, na anaweza kupatana na wakulima kabla bei haijapanda.

Hatua ya nne inawahusu vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Serikali imeagiza kwamba asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya kila taasisi itengwe kwa ajili ya vikundi vyao. Ili kunufaika, kikundi lazima kitambuliwe rasmi, na wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Akina mama kumi wanaoshona nguo Njombe hawawezi peke yao kushona sare za kikosi kizima, lakini wanaweza kushona mashuka ya zahanati moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatua ya tano ni kuisoma hati ya zabuni tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo wengi huanguka, kisha husingizia kwamba hawakujuana na mtu. Hati ikidai fomu tano, nne hazitoshi. Ikidai mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, kama kinavyotaka kiwango cha Afrika Mashariki, nenda ukayapime kwanza. Kiwango hicho hicho hakiruhusu sumukuvu izidi sehemu 10 katika bilioni, na kwa hakika hakuna mzazi atakayetaka mwanawe aliyeko mafunzoni alishwe mahindi yenye kuvu. Hati ikidai mzigo ufike ndani ya siku 14, jiulize lori litatoka wapi kabla hujatia sahihi. Aliyepewa kazi akashindwa kuitimiza anaweza kufungiwa asiombe zabuni za serikali kwa muda, na huo ni mkosi mkubwa kuliko kukosa zabuni moja.

Hatua ya sita ni kutonyamaza unapoonewa. Kabla mkataba haujatiwa sahihi, taasisi hutakiwa kuwaarifu walioomba kwamba inakusudia kumpa kazi fulani, na kuwaeleza walioshindwa sababu yake. Muda wa kulalamika ni mfupi, ni siku chache tu za kazi, kwa hiyo lalamiko lipelekwe mara moja kwa Afisa Masuuli wa taasisi husika. Usiporidhika, iko Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Na mtu akikudai chochote ili akupe kazi, ofisi za TAKUKURU ziko katika mikoa yote. Nawatahadharisha pia wenzangu juu ya matapeli wanaopiga simu wakijiita maofisa na kudai fedha za kiingilio. Yeyote anayetaka fedha ya zabuni kwa simu yake ya mkononi ni mwizi, hata akijitia vyeo vya namna gani.

Mwisho, asiyeweza kuingia kwa mlango mkubwa ajaribu ule mdogo. Mkandarasi anayejenga nyumba za askari anahitaji mchanga, matofali, milango na chakula cha vibarua wake. Mashirika ya majeshi yenyewe, kama SUMAJKT, nayo yana miradi inayohitaji malighafi. Kumuuzia mwenye mkataba ni njia halali ya kujenga jina, mradi mpatane kwa maandishi.

Hayo ni ya upande wetu. Upande wa serikali nina maombi matatu.

Ombi la kwanza ni kwamba orodha ya vitu vya siri iwe fupi, na ipitiwe kila mwaka kwa dhati. Kila kitu kinachoingizwa humo kiwe na sababu inayoweza kuelezwa mbele ya mkaguzi, hata kama haiwezi kuelezwa gazetini. Mtu akipendekeza kwamba sabuni iingie humo, aulizwe inamtisha adui gani.

Ombi la pili ni kuzigawa zabuni katika mafungu yanayobebeka. Zabuni moja ya kulisha vikosi vya kanda nzima haiwezi kuombwa na mtu wa Makambako, wala na chama cha ushirika cha Kasulu. Itaombwa na tajiri mmoja wa mjini, ambaye atakuja kununua kwetu kwa bei aitakayo. Zabuni hiyo hiyo ikigawanywa kwa mkoa na kwa bidhaa, wakulima wa kila mkoa watalilisha jeshi lao, na mzigo hautasafirishwa kilomita mia nane bila sababu.

Ombi la tatu, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni malipo kwa wakati. Msambazaji mdogo hana akiba benki. Ananunua mzigo kwa mkopo wenye riba, na kila mwezi wa kungoja unamla. Mimi mwenyewe nimewahi kuingoja taasisi moja ya umma kwa miezi minane baada ya mzigo kupokelewa na kutiwa sahihi kwamba ni safi. Nililazimika kuuza mashine yangu ya kupembua ili nilipe mkopo. Wenye mitaji mikubwa wanaweza kungoja mwaka, na wanapoomba zabuni huongeza bei kwa sababu wanajua watangoja. Hivyo serikali inayochelewa kulipa hujipandishia bei yenyewe, na kuwafukuza wale wale iliowatengea asilimia 30. Asilimia 30 ya kitabuni haimjazi mtu tumbo.

Ndugu Mhariri, jeshi letu ni la wananchi, na jina lake lenyewe linasema hivyo. Jeshi la wananchi litalishwa na wananchi endapo wananchi wataujua mlango na endapo walinzi wa mlango hawatakuwa madalali. Tuwaachie makamanda siri zao za silaha na mipango, na tuzilinde pamoja nao. Lakini maharage yetu yapimwe mchana, kwa mizani inayoonekana na kila mtu.



Msambazaji mdogo,
Makambako, Njombe.